Amplifaya Iliyobaki Msibani

Kemilembe mwanangu,

Salamu naziruka. Mtu uliyekunywa naye chai asubuhi humwandikii kwamba unatumaini ni mzima. Nimekuona kwa macho yangu ukiondoka na bodaboda kwenda Kashozi kumuaga mjomba wako, umeupakata mkungu wa ndizi kama mtoto, na dereva akiuliza kama mkungu nao utamshika kiuno. Utarudi jioni. Nataka uikute barua hii hapa sebuleni, juu ya amplifaya ya mama yako, kitu ambacho wiki nzima hii umekipita ukienda na kurudi na mizigo yako bila kukitupia jicho.

Habari za neti, za kuchemsha maji, za kutovuka ziwa likichafuka, shangazi yako Ma Jeni ameshazisema, na amezirudia mpaka nadhani kuku wetu sasa wanaweza kwenda kuishi kisiwani salama. Mimi sina la kuongeza hapo. Kesho utapanda gari la Muleba, utashuka, utakwenda mwaloni, utapanda boti hadi Bumbire, uwe mwalimu wa watoto wa wavuvi. Watu wananipongeza kanisani kama kwamba ni mimi niliyesoma.

Lakini Ma Jeni aliniambia jambo jingine, na amenisamehe kabla sijamwomba radhi kwa kukwambia. Alisema kisiwa hukupangiwa. Kilikuwemo kati ya vituo ulivyoruhusiwa kuchagua, na hapa karibu pia palikuwepo nafasi, ukakiweka kisiwa juu kabisa. Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Mtu anayechagua maji yawe kati yake na nyumbani kwao hakimbii ndizi, Kemi. Nadhani namjua anayemkimbia, na ndiye anayeandika.

Niache nianze mbali kidogo, maana mengine hukuwepo.

Amplifaya ile ilikuja kwetu ukiwa bado unatambaa. Aliyekuwa nayo ni mwalimu wa muziki, mgeni kutoka ng'ambo, aliyekaa na kwaya ya usharika wetu miaka michache. Aliporudi kwao aligawa vitu vyake. Baiskeli ilikwenda kwa mlinzi, sufuria kwa mpishi, na amplifaya kwa mama yako, kwa sababu katika kwaya nzima ni yeye tu aliyekuwa na subira nayo. Si ya zamani, lakini imetengenezwa kizamani makusudi: kasha dogo, kitambaa cha kahawia mbele, mpini wa ngozi juu, na nyuma taa za kioo kama za redio aliyokuwa nayo babu yako. Ukiiwasha haisemi kitu. Lazima uingoje taa zipate moto. Wanakwaya vijana walikuwa wakiipiga makofi wakidhani imekufa. Mama yako alikuwa akiiwasha, anakaa kwenye kigoda, gitaa mapajani, na katika kungoja kule ananitazama mimi. Ananitazama tu mpaka sauti ije.

Nami, badala ya kumtazama, nilikuwa natafuta la kumtania.

Unajua ile sauti aliyoipenda, ile inayotetemeka. Kuna kifundo cha kuitetemesha polepole au haraka, na kingine cha kuamua itetemeke sana au kidogo. Mara ya kwanza niliposikia nilimwambia, "Mama Kemi, gitaa lako lina malaria. Lipeleke zahanati." Alicheka mpaka akaliweka chini. Basi nikaona nimepata mzaha wa maisha. Kila alipowasha nilimuuliza mgonjwa anaendeleaje. Na kile kifundo cha mwangwi, sijui kama nilikwambia jinsi kinavyofanya kazi: chini ya kasha kuna springi ndefu nyembamba zimening'inizwa, sauti inapita humo, inatoka imetanuka. Akikifungua kifundo kile sebule yetu hii ya bati ilikuwa kama kanisa ambalo watu wote wameshatoka. Nikamwambia anapigia popo.

Ukweli ni kwamba niliona aibu. Hapa Ijuganyondo watu wa siku zile walikuwa wamezoea mwanamke aimbe, apige makofi, apige hata ngoma. Gitaa la umeme walilikodolea macho. Kaka zangu waliniuliza kama siku hizi ni mimi ninayemenya ndizi. Harusini kwa binamu yako, kwaya ilipoalikwa kupiga, nilimwambia mama yako mbele ya watu aache gitaa nyumbani, akae na wanawake wenzake. Alikaa. Alishika sahani yake ya chakula vizuri kabisa, akala, akaongea na watu. Tulipofika nyumbani aliiwasha amplifaya, akaingoja ipate moto, safari ile bila kunitazama, akapiga peke yake hadi nikaona haya kuwa macho. Hatukuzungumza juu ya jambo lile tena. Mimi nilidhani kutozungumza maana yake limekwisha.

Alipougua ulikuwa darasa la saba, na tulikuficha mengi, lakini hukuwa mjinga. Mkono wa upande wa titi lenye ugonjwa ulivimba, vidole havikubani nyuzi tena. Ndipo alipokuweka wewe kwenye kigoda. Yeye alilala kwenye mkeka pale chini, akikuelekeza kwa maneno, na wewe ukizungusha vifundo. Nilikuwa nikiwasikia kutoka nje, ninapoanika kahawa. "Punguza. Punguza tena. Hapo. Sikiliza hapo." Nilijua kinachofanyika. Mtu alikuwa anahamisha vitu vyake.

Siku moja, umekwenda shule, alinisihi nikae karibu. Akaniuliza, "Baba Kemi, miaka yote hii, ulikuwa unaipenda au ulikuwa unanitania tu?"

Mwanangu, nilikuwa nimeupata mlango uko wazi kabisa mbele yangu. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Nilikuwa nangojea ile malaria ipone."

Alicheka. Ilimuuma kucheka, nikaona alivyojishika ubavu. Kisha akafumba macho, na mimi nikatoka nje kugeuza kahawa iliyokuwa haihitaji kugeuzwa. Nilijiambia nitamjibu vizuri kesho yake, akiwa na nguvu. Hakupata nguvu tena. Hilo ndilo ninaloamka nalo. Si harusi, ingawa harusi pia. Ni kwamba aliniuliza kwa mdomo wake, kwa Kiswahili na kisha kwa Kihaya, nisiseme sikuelewa, na nikampa mzaha.

Nilimpenda. Nilipenda alivyopiga. Nilikuwa nikilima kibanjani, kwenye migomba yetu, makusudi upande wa karibu na nyumba, ili nimsikie. Nakuandikia wewe kwa kuwa yeye sikumwandikia.

Sasa ya msiba unayakumbuka, lakini uliyakumbuka kama mtoto. Tulimzika kibanjani, upande wa mibuni. Wala jembe halikushikwa, wala ngoma haikuguswa na mkono wa mtu, kama ilivyo desturi. Siku ya kuanua matanga ilipofika, baba yako mkubwa Ta Elia alinipa jembe. Nililima kipande kile kidogo, nikanyolewa, watu wakashukuru, nyumba ikawa huru kufanya kazi na kucheka. Ndipo wanakwaya wakasogea na gitaa lake. Waliomba waiwashe amplifaya wapige wimbo mmoja wa kumshukuru Mungu kwa maisha yake.

Nikasema hapana. Nikasema, "Kile chombo hakitawashwa tena ndani ya nyumba hii."

Ta Elia alinivuta pembeni kwenye migomba. Aliniambia, "Mdogo wangu, waitu, nakusihi, matanga hayaanuliwi nusu. Jembe umeshika, kichwa umenyoa. Na hicho kiachilie." Nilimjibu kwamba jembe ni la ukoo, na nywele ni za kinyozi, lakini kile ni changu. Alitikisa kichwa akaenda kula.

Basi nilianua matanga shambani, nikayaacha sebuleni. Nililima, niliuza kahawa, nilichaguliwa mzee wa usharika, niliwaombea wafiwa wengine wafarijike. Lakini kona ile niliiacha msibani. Niliifunika amplifaya kwa kitenge chake cha zambarau. Vifundo vilikuwa pale pale vidole vyenu vilipoviachia, na mimi nikaamua ni vidole vyake peke yake. Vumbi nilikuwa nalitoa kwa unyoya wa kuku, nikizunguka kila kifundo bila kukigusa. Mtu mzima, mzee wa kanisa, na unyoya. Ma Jeni alinikuta siku moja akasingizia amesahau kitu nje.

Na ikaja ile likizo ya kidato cha tatu.

Nilikuwa kibanjani nakata majani makavu ya migomba. Nikasikia ile sauti ikitetemeka. Ile ile, polepole, na mwangwi nyuma yake. Kemi, sikuwahi kukwambia nilichofikiri, kwa sababu ni upuuzi na kwa sababu ni kweli: nilidhani amerudi. Sikujiuliza atarudije. Nilitupa mundu, nikakimbia. Nilipitia kwenye mibuni, nikakwaruzwa mikono, nilikuwa nacheka peke yangu. Nilikuwa na jibu mdomoni tayari.

Nikaingia, nikakukuta wewe.

Ulikuwa umejifunga kile kitenge kiunoni. Mkono wako ulikuwa kwenye kifundo. Na mimi, badala ya kumshukuru Mungu kwamba nimebakiwa na mtu anayeweza kupiga vile, niliipiga amplifaya teke. Zile springi ndani yake zililia, ngurumo kubwa chumba kizima, ukapiga kelele ukadhani inalipuka. Nikang'oa waya ukutani. Kisha nikakupiga kofi, ambalo sikuwahi kukupiga hata ulipokuwa mtundu wa kustahili.

Hukulia. Ulisimama, ukakifungua kitenge, ukakikunja vizuri, ukakiweka juu yake. Ukasema, "Tata, aliyekufa ni mama. Mimi nipo."

Ukatoka. Tangu siku ile gitaa hukulipiga tena nyumbani. Ulilipeleka kwa vijana wa kanisani, ukapiga huko, na mimi niliambiwa na watu kwamba binti yangu anapiga vizuri, nikawaitikia kama mtu anayeambiwa habari za mvua ya Biharamulo. Krismasi ile mliyopiga usharikani nilikuja. Hukuniona. Nilisimama nje kwenye baiskeli, nikisingizia kulinda yangu. Ulipiga, nikalia hadi mlinzi akanipa nafasi yake nikae. Ulipofika nyumbani nilikuuliza kama umekula. Ulisema umekula. Nikasema vizuri. Uone jinsi mtu anavyoweza kuuliza swali zima la maisha na kulificha ndani ya sahani ya ndizi.

Barua yako ya kazi ilipokuja nilianza kungoja. Nilijiambia ataiomba. Akiiomba, nitampa, na kwa kumpa tutakuwa tumezungumza bila kuzungumza. Wiki ikapita, ukafunga sanduku, ukafunga godoro, gitaa ukalivalisha mfuko wake. Nikakuuliza kwa ujanja, "Umeme huko upo?" Ukasema, "Kuna sola ya shule, Tata. Na wavuvi wana jenereta." Nikauliza inatosha kufanya nini. Ukasema, "Taa na simu." Tukatazama kile kitenge wote wawili kwa wakati mmoja, halafu wewe ukaenda kuchota maji na pipa lilikuwa limejaa.

Hapo nikaelewa kwamba hutaiomba. Kwa nini uombe? Uliiomba mara moja, kwa mkono wako, ukajibiwa kwa kofi.

Siku ulipokwenda na Ma Jeni kununua vyombo, nilikiondoa kitenge. Nikachomeka waya. Nilifanya kama mama yako, nikakaa kwenye kigoda nikaingoja. Taa moja iliwaka wekundu kidogo. Ikavuma, ikatoa harufu ya kitu kinachoungua, ikazima. Nilijikuta nimeishika kama mtu anavyomshika mgonjwa aliyeanguka. Niliifunga kwenye baiskeli nikaipeleka mjini kwa fundi Saidi, yule wa redio nyuma ya soko.

Fundi Saidi ni mtu wa kelele, unamjua. Aliifungua, akachungulia, akanisuta mbele ya wateja. "Mzee, hii umeiweka muda gani bila kuiwasha?" Nikamwambia tangu binti yangu akiwa kidato cha tatu. Akasema, "Taa zake nzima kabisa. Zilizokufa ni kapasita, hivi vikopo vidogo vya kutunza umeme. Hazikuchoka kwa kazi, zimekauka kwa kukaa bure. Ungekuwa unaiwasha walau mara moja moja, usingenikuta leo." Alisema hayo huku anatafuna karanga, bila kujua anazungumza na nani. Nilikaa kwenye benchi lake, nikatazama sakafu.

Alichomoa kapasita nyingine kwenye televisheni ya kichogo iliyokuwa haina mwenyewe, akachomelea. Kisha akaiwasha, na kabla sijafungua mdomo akaanza kuzungusha vifundo. Vyote. Huku na huku, mpaka mwisho na kurudi, kama anafungua mabomba. Nikaruka. Nilipiga kelele watu wa dukani wakageuka. Akashangaa sana. "Sasa mzee, nitajuaje kama vinafanya kazi bila kuvizungusha?"

Miaka yote ile ya unyoya, na mtu mwenye karanga mkononi amemaliza. Nililia pale, Kemi, mchana, sokoni. Fundi Saidi alipunguza kelele zake, akanisogezea karanga. Hakuwa na gitaa, basi akachomeka waya wa gitaa akagusa ncha yake kwa kidole. Ukatoka mlio mbaya, wa nyuki ndani ya kopo. Lakini ulitetemeka. Akazungusha, ukatetemeka haraka, akazungusha, polepole. Nikangoja moyo wangu upasuke na haukupasuka. Nilichosikia ni chombo kizima kinachotaka mtu wa kukipiga. Mama yako hakuwemo ndani yake. Nadhani hakuwahi kuwemo. Nilikuwa nikimlinda mahali asipokuwepo, na mahali alipokuwepo, kwenye vidole vyako, nikapapiga kofi.

Nisamehe kwa kofi lile. Nisamehe zaidi kwa ukimya uliofuata, maana kofi lilikuwa la dakika moja.

Nilitaka kuwaita majirani na Ta Elia waje jioni hii, upige, tuseme sasa matanga yameanuliwa kweli. Nilishaanza kumwambia Ma Jeni aandae chakula. Nikajizuia. Ningekuwa nimekufanya wewe jembe langu. Msiba wangu nimeuanua mwenyewe leo mchana: kitenge nimekifua, kiko kwenye kamba, unaweza kukifunga au kukipasua uoshee vyombo. Kona ni tupu. Amplifaya nimeisogeza karibu na mlango.

Ni yako. Ilikuwa yako tangu siku zile za "punguza, sikiliza hapo". Usiichukue kwa kumheshimu mama yako, wala kwa kunihurumia mimi. Ikiwa huitaki, iache, nitampa mtoto yeyote wa kwaya mwenye subira ya kuingoja, na sitanuna. Najua nimesema sitanuna. Nitanuna kidogo, lakini litapita. Ikiwa unaitaka, fundi Saidi anasema sola ya shule haitaiweza, tafuta mvuvi mwenye jenereta zuri na uwe mwalimu mzuri wa watoto wake.

Kuhusu kurudi sitakuuliza. Ulichagua maji, na ulikuwa na sababu. Nakwambia tu kwamba nyumba hii sasa inaruhusu kelele.

Kesho nitakusindikiza kwenye gari. Nitaibeba mimi mwenyewe, nataka hivyo, hata kijana wa mizigo akija mbio. Lakini najijua, mwanangu. Ukifika wakati wa kuipakia nitaushika ule mpini wa ngozi na sitauachia. Nitasema gari halijajaa bado. Nitasema kamba haijafungwa vizuri. Nitatafuta mzaha, na watu watacheka, na utadhani baba yako ni yule yule. Usicheke nao, na usinihurumie. Shika upande wako, uvute.

Baba yako